Goma: wanafunzi wanaofundisha watoto michezo wasiachwe peke yao

Kila siku, kuanzia saa tisa za alasiri, viwanja vya Goma vinajaa watoto. Majengo, Katindo, Ndosho, Himbi: popote palipobaki nafasi kati ya nyumba na mawe meusi ya volkano, kuna timu. Mara nyingi anayepuliza filimbi ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetoka masomoni, daftari likiwa bado ndani ya mfuko. Halipwi. Mpira ukipasuka, ni yeye anayetafuta faranga za kuushona.

Wengine wanaiona kazi hiyo kama kupoteza muda. Sisi tunaiona kama ulinzi. Katika mkoa ambamo makundi yenye silaha yameingiza watoto vitani kwa miaka mingi, saa mbili za mazoezi ni saa mbili ambazo mtoto anajulikana alipo, na kuna mtu wa kuuliza asipofika. Goma ina mfano wake. Bondia Balezi Bagunda, anayejulikana kwa jina la Kibomango, alikuwa mtoto askari. Baadaye aliwafundisha ngumi vijana wa mji huu, wakiwemo waliotoka vitani kama yeye.

Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, mzigo umekuwa mzito zaidi. Mabenki yalifunga milango, wazazi wengi walipoteza kazi, na mwanafunzi anayetafuta minerval na pesa ya moto ndiye huyo huyo tunayemwomba kulea watoto wetu bure.

Wazazi wana haki ya kuuliza: huyu kocha ni nani? Moyo mzuri hautoshi. Asiyejua huduma ya kwanza anaweza kuzidisha jeraha, na anayepiga au kutukana watoto anavunja sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto. Mwenye nia mbaya naye hujificha kwa urahisi mahali ambapo hakuna anayeuliza.

Kwa hiyo tunasema mambo matatu. Vyuo vikuu, vikianza na UNIGOM, ISP na ULPGL, vitambue kazi hii. Mfumo wa LMD unahesabu kredi. Miezi sita kiwanjani, ikiwa na ripoti na mwalimu anayefuatilia, inaweza kuhesabiwa kama staji, hasa kwa wanaosomea ualimu, saikolojia na afya. Viongozi wa mpira, LIFNOKI na waliochini yake, watoe mafunzo mafupi ya ukocha, huduma ya kwanza na ulinzi wa mtoto, kisha waandike majina ya waliofundishwa ili mzazi ajue anamwachia nani mtoto wake.

Jambo la tatu linatuhusu sisi wakaaji. Mzazi, fika kiwanjani hata mara moja kwa wiki. Jua jina la kocha, mwachie namba yako ya simu, changia mpira hata kwa kidogo. Wasichana nao wapewe ruhusa ya kucheza, na wanafunzi wa kike waitwe kuwafundisha.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalongoja amani ya kutiwa saini mbali na hapa. Yanaweza kuanza wiki hii, kartiye kwa kartiye. Mwanafunzi ametoa muda wake. Mji nao utoe wa kwake.