Ufundi Nyumbani: Rangi ni Ngozi ya Motokaa



Juma hili twasema juu ya kuosha motokaa ya zamani na kuirudishia rangi yake. Pengine mzee mmoja wa Majengo, pale Mpanda, atacheka na kuuliza: "Sisi tuna pikipiki na baisikeli. Motokaa za mashindano zatuhusu nini?" Ngoja kwanza, baba. Bati ni bati, na rangi ni rangi. Yanayoifaa motokaa ya thamani huifaa pia pikipiki ya mwanao, ambayo pengine nyumba nzima hula kwa kazi yake.

Tuanze na mfano. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, motokaa ndogo ya mbio kutoka Japani, nyekundu, yenye boneti nyeusi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa motokaa ya namna ile ile. Na tangu mwaka 2003 yako mashindano ya motokaa za zamani, na za aina hiyo zimeonekana humo zikikimbia tena katika vumbi. Injini ikifa, waweza kupata nyingine. Lakini bodi ikioza, motokaa imekwisha. Kinachoilinda bodi ni rangi.

Watu wengi hudhani rangi ni pambo. Sivyo. Rangi ni ngozi. Chuma kikikutana na maji na hewa hupata kutu, na rangi ndiyo inayowazuia wasikutane. Nayo ngozi hiyo ni nyembamba mno. Shika karatasi moja ya daftari la mtoto wa shule: unene wa rangi yote ya motokaa, tangu bati hadi juu, haupiti sana unene wa karatasi hiyo. Kila unaposugua kwa nguvu, unapunguza karatasi. Siku itafika itatoboka.

Sasa tazama jinsi vijana wengi wanavyoosha. Pikipiki inarudi imejaa vumbi, na kijana anachukua kitambaa kikavu na kufuta. Vumbi ni mchanga mdogo, na mchanga ni msasa! Wengine hutumia sabuni ya unga ya kufulia, ambayo ni kali, huondoa nta na kuiacha rangi kavu. Wengine hupaka dizeli ili ing'ae. Hung'aa siku moja, kisha hunasa vumbi lote la njia, na mpira huharibika. Sufuria hutaka mchanga na majivu. Motokaa haitaki.

Yafaa kuosha hivi. Weka chombo kivulini, kipoe kwanza. Mwagia maji matupu kutoka juu, vumbi lianguke lenyewe. Kisha tayarisha ndoo mbili: moja yenye maji na sabuni laini kidogo, nyingine yenye maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Tumia sifongo au fulana kuukuu ya pamba isiyo na vifungo. Anza juu, shuka chini, pole pole, kwa mistari iliyonyooka. Kila mara suuza kitambaa katika ndoo ya pili kabla ya kukirudisha katika sabuni. Magurudumu yawe ya mwisho, na yawe na kitambaa chake. Kitambaa kikianguka chini, usikitumie tena mpaka kifuliwe. Mwisho suuza na ukaushe kwa kitambaa laini, maana matone yakikaukia juani huacha madoa.

Mavi ya ndege na utomvu wa miti usiviache vilale. Weka kitambaa chenye maji juu yake, vilainike, kisha ondoa. Mafuta ya breki yakidondoka, mwagia maji mengi mara moja, kwa kuwa hula rangi.

Na rangi iliyofifia, hasa nyekundu, je? Jua huivunja ile gundi inayoishikilia rangi, basi juu hubaki unga kama chaki. Fanya jaribio hili: sugua kidogo kwa kitambaa cheupe chenye polishi ya motokaa. Kitambaa kikipata rangi ya motokaa, hiyo ni rangi ya namna ya zamani, isiyo na vanishi juu yake. Heri, maana chini ya ule unga mara nyingi rangi nzima ingali ipo. Sugua kwa mkono, sehemu ndogo ndogo, na uache mara tu mng'ao unaporudi. Kwenye kona na mikunjo ya bati nenda pole zaidi, kwa sababu hapo rangi ni nyembamba kuliko pengine. Fundi mwema hutambulikana kwa kujua mahali pa kuacha.

Baada ya hapo paka nta ya magari, nayo irudiwe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Ninyi wa Mpanda mna nta ya nyuki nyingi. Lakini usiipake hivyo hivyo, kwa kuwa ikiwa peke yake ni laini na hunasa vumbi.

Palipokwaruzwa hadi chuma kuonekana, usingoje masika. Futa kutu yote kwa msasa hadi chuma king'ae, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe. Ukipaka rangi juu ya kutu umeifunika tu. Itaendelea kula chini kwa chini, na baada ya muda rangi itavimba kama lengelenge.

Hapa twawaonya akina mama na baba. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, yale yale yaliyochimbwa Mpanda hadi mwaka 1960, na ambayo kwa ajili yake reli ililetwa kutoka Kaliua. Risasi ni sumu, na huharibu akili ya mtoto anayekua. Basi ukipiga msasa rangi ya zamani, lowesha kwa maji ili vumbi lisiruke, funika pua na mdomo, na watoto wakae mbali. Kisha okota mabaki yote. Nguo ulizozivaa zifuliwe peke yake, na usimbebe mtoto kabla ya kuoga.

Neno jingine ni la maji. Usipeleke chombo kukioshea mtoni. Maji ya Katuma hunywewa na watu na mifugo, tena huteremka hadi kwa wanyama wa Hifadhi ya Katavi, na wakati wa kiangazi hupungua sana. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda kingo za mito kwa mita 60. Chota ndoo zako, uoshee mbali.

Na mwisho, juu ya uaminifu. Wako wauzaji wanaoziba kutu kwa puti, wakapaka rangi mpya, wakamwuzia maskini chombo kilichooza. Mnunuzi, chukua sumaku ndogo, uifunge katika kitambaa laini, upitishe kwenye bati. Mahali isiposhika, hapo kuna puti nene, na yafaa umwulize muuzaji kilichofichwa. Muuzaji naye akumbuke kwamba breki na fremu vilivyooza huua. Kuficha ubovu wa namna hiyo si ujanja wa biashara, ni kuhatarisha roho ya mwenzako.

Basi, kijana wa Majengo, Jumamosi hii tafuta ndoo ya pili na fulana kuukuu. Gharama yake ni ndogo, na pikipiki itakaa na ngozi yake hadi mdogo wako aje kuirithi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.