Msiwasingizie wazee wa dansi!

Nilipotea kidogo, majaribio yalinibana. Nimerudi na hasira zangu, mnivumilie.

Jumatatu dada mmoja tunayesoma naye karudishwa mlangoni kwenye jaribio. Kosa? Suruali. Tena ya kitambaa, nyeusi, imembana kidogo basi. Kakimbia hosteli kuazima sketi, karudi zimebaki dakika kumi na tano. Jaribio la saa moja hilo, na maksi zake zinahesabiwa kwenye matokeo ya muhula. Kajaza swali moja, kalia.

Kesho yake ubaoni wamebandika karatasi ya kanuni za mavazi. Juu yake picha ya bendi ya zamani, vijana wamepanga mstari na magitaa, mashati meupe, tai, nywele fupi. Chini pameandikwa eti tuige wazee wetu wa dansi, walivaa kwa heshima. Kha! Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza.

Hapa ni Tabora jamani. Huu mji ulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, ulikuwa na Nyanyembe Jazz iliyotupa "Rangi ya Chungwa", ulikuwa na Tabora Jazz ya marehemu Shem Karenga. Ukitaka kutudanganya kuhusu wanamuziki wa dansi nenda kadanganye mji mwingine.

Nikaenda Ng'ambo kwa babu yangu, fundi cherehani mstaafu. "Mwangaluka babu." Akaitikia, nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Kaingia ndani, katoka na picha yake ya mwaka 1974. Wadau, mngeiona! Nywele za afro kama kichaka, shati kola imefika mabegani, bugaluu inafagia sakafu, raizoni zimempandisha juu kama yuko kwenye kigoda. "Hiyo suruali nilikuwa nayo tangu 1968," ananiambia, "ilikuwa nyembamba. Bendi zilipobadilika nikafumua mshono kuanzia gotini, nikatia kipande cha pembetatu." Anasema wateja walikuwa wanatoka dansini usiku, asubuhi wako mlangoni kwake wanaeleza kwa mikono suruali ya mpiga gitaa ilivyokuwa.

Kwa hiyo hiyo picha ya ubaoni ni kweli, ila ni ya miaka ya sitini mwanzoni. Tai ile nayo ilikuwa fasheni ya wakati wake, na ilitoka Ulaya. Bendi hizo hizo miaka kumi baadaye zilikuwa zimevaa bugaluu. Anayechagua picha moja akaficha nyingine kumi anatufanya watoto.

Na waliambiwa wahuni vile vile! Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 marufuku vimini, mawigi, mkorogo na suruali za kubana. Wasichana walikuwa wanakimbizwa na makundi ya vijana mitaani Dar, Kariakoo. Kwa jina la utamaduni. Kichekesho ni kwamba miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa inawashurutisha Wamasai waache lubega na kuvaa suruali. Wa mjini kaambiwa avae Kiafrika, wa porini kaambiwa avae kizungu. Sasa utamaduni ni upi hapo? Kule kwa jirani Mobutu alipiga marufuku tai na suti miaka ya sabini. Matokeo yake ni Papa Wemba na masapeur wake, watu wanaokosa chakula ili wanunue kiatu cha Paris. Marufuku oyee!

Mnaniambia "vazi letu". Lipi? Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka hapa Unyanyembe kwenda Bagamoyo na kurudi walilipwa kwa doti za merikani. Merikani ni Marekani, wadau, kitambaa kilichofumwa Massachusetts. Kaniki ikatoka India. Hata kitenge mnachotusifia kilianza kama batiki ya Java iliyoigwa na Waholanzi. Nguo za mji huu zilikuja kwa miguu na msafara, halafu reli ikafika 1912, ikafika Kigoma 1914, ikawa muziki na mtindo wa Kongo unavuka ziwa na kupanda treni. Karenga mwenyewe alitoka Kigoma. Akina Kinyonga, waliokuja kuwa Simba Wanyika kule Nairobi, walitokea Tanga wakapitia Tabora Jazz mwaka 1970. Watu wa kutembea hao, na masanduku yao ya nguo. Mwaka 2011 iliundwa kamati nzima ya kutafuta vazi la taifa. Mpaka leo mabwana harusi wanavaa suti.

Nikiri kitu kimoja: bendi zilikuwa na sare, na zilipendeza. Hapo wenye ubao wana hoja. Lakini sare ya jukwaani wanachagua wenyewe, na wakiichoka wanabadilisha. Hakuna mpiga tumba aliyefukuzwa mlangoni nusu ya nyimbo zikapigwa bila yeye.

Sijasema watu waje na kata K kwenye mtihani. Mimi mwenyewe modo zinanikera, hazina hata mfuko wa kuingiza kalamu. Nasema mpimeni mtu kwa karatasi yake. Mkitaka kanuni, andikeni kanuni na mtie sahihi majina yenu, msitie ya wazee wa watu.

Alhamisi serikali ya wanafunzi inakaa na uongozi kuhusu yule dada, tunaomba arudie jaribio. Nakwenda na picha ya babu. Kakubali kuniazima kwa sharti nisiikunje, na niirudishe kabla ya Ijumaa.