MAMA, NA WEWE JE? (Sehemu ya 12)

Watoto wameshalala? Basi vuta kiti.

Wiki iliyopita tuliongea kuhusu kunyonyesha usiku. Leo naomba niyaache maziwa, nimzungumzie mwenye maziwa.

Kliniki tuna maswali yetu. Mtoto ananyonya vizuri? Chanjo ya wiki ya 10 kapata? Tunapima uzito, tunajaza kadi. Halafu mimi huwa naongeza swali moja ambalo kwenye kadi halipo: "Na wewe je, mama?" Wengi wananijibu habari za mshono au kiuno. Nikiwaambia hapana, nauliza ulikuwa unapenda kufanya nini kabla ya huyu mtoto, wanacheka. "Aa, dada nesi, mimi tena? Nilikuwa nashona." "Nilikuwa nasoma." "Nilikuwa naandika hadithi." Nilikuwa, nilikuwa. Mama ana miaka 24 na tayari anajizungumzia kama marehemu!

Leo nataka nikupe habari za nesi mwenzetu mmoja wa Australia, halafu nikwambie maoni yangu. Anaitwa Elizabeth Jolley.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1923. Mama yake alikuwa Mwaustria, kwa hiyo nyumbani kwao walizungumza Kijerumani. Mwaka 1940, akiwa na miaka 17, Vita Kuu ya Pili imepamba moto, akaanza kusomea unesi. Ninyi mliowahi kulaza mgonjwa hospitali mnajua zamu ya usiku ilivyo. Yeye alijifunza kazi hiyo wakati wa vita.

Kuandika alianza tangu mdogo. Lakini maisha yakaja na mambo yake. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa 1946, na jumla akapata watatu. Mwaka 1959 familia ikahamia Perth, Australia Magharibi, kwa sababu mumewe, Leonard, alipata kazi ya kusimamia maktaba ya chuo kikuu. Huko Elizabeth alifanya unesi, alifanya kazi ya usafi, alipita nyumba hadi nyumba akiuza bidhaa. Na bado alikuwa anaandika na kuwatumia wachapishaji. Majibu yake? Kuna mwaka mmoja alikataliwa mara 39. Mara thelathini na tisa, mama yangu! Sisi tukikataliwa mkopo wa kikundi mara moja tunasusa na vikao.

Kitabu chake cha kwanza, mkusanyiko wa hadithi fupi, kilitoka 1976. Alikuwa na miaka 53. Piga hesabu: tangu mtoto wa kwanza hadi kitabu cha kwanza ni miaka 30.

Baada ya hapo hakushikika. Aliandika riwaya 15. Mwaka 1983 ilitoka Mr Scobie's Riddle, inayohusu nyumba ya kutunzia wazee, na ndani yake kuna ripoti za nesi wa zamu ya usiku kwa matroni. Manesi wenzangu mkiisoma mtacheka hadi machozi, maana ripoti za kujitetea asubuhi tunazijua wenyewe. Mwaka 1986 riwaya yake The Well ikashinda tuzo ya Miles Franklin, tuzo kubwa ya riwaya kule Australia. Alikuwa na miaka 63.

Na hili ndilo ninalolipenda zaidi. Alikuwa pia akifundisha uandishi chuoni. Mmoja wa wanafunzi wake, Tim Winton, alishinda tuzo hiyohiyo mwaka 1984, miaka miwili kabla ya mwalimu wake. Kijana wa miaka ishirini na kitu anamtangulia mwalimu wa miaka sitini. Wengine tungesema basi, zamu yangu imepita. Yeye aliendelea kuandika.

Sasa maoni yangu. Najua mtaniambia "subira yavuta heri". Mimi sikubali iishie hapo. Neno hilo tunalitumia vibaya kwa akina mama. Tunamwambia subiri mtoto aache ziwa. Subiri aanze shule. Subiri mdogo wake naye akue. Akija kumaliza kusubiri, hajui tena alikuwa anasubiri nini.

Elizabeth hakusubiri. Kilichochelewa ni kitabu kuchapwa, lakini kazi yenyewe ilikuwa inaendelea miaka yote ile. Na zile kazi zilizoonekana kama zinamwibia muda, za wodini na za kufagia, ndizo zilizokuja kujaa kwenye vitabu vyake. Unesi wake wa wakati wa vita alikuja kuuandikia riwaya akiwa na miaka zaidi ya 60.

Tena sitaki uchukue miaka 53 ukaifanya ndiyo mpango. Sioni raha mwanamke kungoja miaka 30. Nani anajua vingetoka vitabu vingapi kama wachapishaji wangemsikiliza mapema?

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na nusu yake ni la baba. Baba, mpe mama wa mtoto wako nusu saa kwa siku. Mshike mtoto wewe, mama aliyejifungua asiwe ndiye wa kupika wakati huo. Na usiite kumsaidia, maana mtoto ni wako pia. Mama mkwe, ukimkuta mkwe ameshika daftari au cherehani na mtoto yuko salama, mwache. Hajamtupa mtoto.

Na wewe mama, hiyo nusu saa usiifulie nguo. Kama ulikuwa unashona, shona hata mfuko wa mto. Kama ulikuwa unaandika, andika mistari mitatu. Siku ukishindwa kabisa, lala, kesho ipo. Isife tu.

Hapa navaa gauni langu la kazi. Huzuni na machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua huwapata akina mama wengi, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, au ukiona huna hamu na chochote hata mtoto, hilo haliponi kwa daftari wala cherehani. Njoo kituoni. Na ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, njoo saa hiyohiyo, usisubiri wiki wala siku. Hatutakucheka. Ni ugonjwa kama mwingine na una tiba.

Nimalizie na Elizabeth. Miaka ya mwisho alipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, akafariki Perth mwaka 2007 akiwa na miaka 83, katika nyumba ya kutunzia wazee kama ile aliyoiandika. Nimewahudumia wagonjwa wa aina hiyo. Unamwona mtu anasahau majina ya watoto wake, kisha anasahau hata alikuwa nani. Lakini yeye, aliyoyaona na kuyafikiri alikuwa ameshayaandika mapema, na leo mjukuu wa mtu yeyote anaweza kuyasoma.

Wewe yako utayaweka wapi, mama?

Niandikie hapo chini: kabla ya mtoto, ulikuwa unapenda kufanya nini? Ila neno "nilikuwa" leo ni marufuku. Anza na "mimi ni".

Usiku mwema. Neti zishushwe vizuri. Tukutane sehemu ya 13, tutaongea homa ya meno: je, ipo kweli?