Mkanda wa Video Unapokataa Kuingia katika Kompyuta

Katika nyumba nyingi imo mikanda ya video ya miaka ya 1980 na 1990: ya arusi, ya mahafali, na ya wazee ambao leo sauti zao hazisikiki tena mahali pengine popote. Mikanda hiyo haidumu milele, na deki za kuichezea zinaadimika. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa miongoni mwa za mwisho kuzitengeneza, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Kwa hiyo yafaa picha hizo zihamishiwe katika kompyuta mapema. Lakini wengi, picha ikikatikakatika, huilaumu programu au huutupa mkanda, kabla ya kujua hitilafu inaanzia wapi.

Kwanza, utazame mkanda wenyewe. Ukiona unga mweupe kando ya utepe, hiyo ni kuvu. Usiutie katika deki, maana utachafua vichwa vya kusomea na kuiharibu mikanda mingine, mpelekee fundi. Mkanda safi uliokaa miaka mingi bila kuchezwa, upeleke mbele hadi mwisho, uurudishe, ndipo uucheze.

Pili, nyaya na mipangilio. Deki huunganishwa na kifaa kidogo cha kubadilishia picha, nacho huchomekwa katika kompyuta. Waya wa manjano huchukua picha; mweupe na mwekundu huchukua sauti. Picha isipoonekana, hakikisha kwamba katika programu umechagua kifaa hicho, wala si kamera ya kompyuta. Picha ikikosa rangi, chunguza mfumo. Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia PAL, wenye picha 25 kwa sekunde. Marekani ilitumia NTSC, wenye picha karibu 30. Ufaransa ilitumia SECAM. Mkanda uliotumwa na jamaa aliyeko Marekani wataka deki inayosoma NTSC, na programu ipangwe vivyo hivyo.

Tatu, kukatika kwa picha. Programu ikitoa taarifa kwamba picha zimepotea, rudia sehemu ileile. Zikipotea tena palepale, kasoro imo katika mkanda. Zikipotea kila mara mahali tofauti, yamkini kompyuta imelemewa: funga programu nyingine zote, na uhifadhi kazi katika diski ya ndani yenye nafasi, si katika flashi. Mkanda mdogo wa kamera wa aina ya DV huhitaji gigabaiti 13 hivi kwa saa moja. Kazi ikisimama kila faili inapofikia gigabaiti 4, diski imepangwa kwa mtindo wa FAT32, usiopokea faili kubwa kuliko hapo. Ipangwe upya kwa NTFS, baada ya kuvihamisha vilivyomo, kwa kuwa kuipanga upya hufuta vyote.

Sauti ikiachana na midomo ya wasemaji, mara nyingi sababu ni picha hizo zilizopotea. Ondoa chanzo kwanza, kisha urudie kurekodi.

Kazi ikiisha, weka nakala mbili mahali mbalimbali, wala usiutupe mkanda wa asili. Andika tarehe na majina ya waliomo, wangali hai wanaowatambua. Mali bila daftari hupotea bila habari.