AFYA YETU: DAMU KATIKA UFIZI



Wengi wetu tuonapo damu mswakini huacha kupasugua mahali hapo. Hilo ni kosa. Aghalabu damu hiyo ni dalili ya ukoga uliogandamana ukingoni mwa ufizi na kuuvimbisha. Ukiondolewa mapema, ufizi hupona. Ukiachwa, ugonjwa huweza kula mfupa ushikao meno, pasi na maumivu, wala mfupa huo haurudi wenyewe.

Basi tusugue taratibu mara mbili kwa siku, na tupitishe uzi baina ya meno, ambako mswaki, wa mti au wa dukani, haufiki. Tumbaku tuiepuke. Mama wajawazito, ambao ufizi wao huvimba upesi, wakumbuke: hapa Uingereza matibabu ya meno ya NHS ni bure kwao hadi mtoto atimize mwaka.