Muuguzi Awe Tayari Kabla Mama Hajafika



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, choo bora, maji ya kuchemsha na chanjo za watoto. Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni la afya. Nalo ni kipigo anachopata mwanamke nyumbani, na namna anavyopokelewa anapofika kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali.

Tuchukue mfano. Ni saa nne ya usiku. Mama mmoja analetwa kituo cha afya akiwa amejifunga kanga kichwani, na damu inapenya. Amefuatana na mume wake. Muuguzi wa zamu anauliza, "Mama, umepatwa na nini?" Kabla mama hajafungua kinywa, bwana anajibu, "Ameteleza kisimani." Muuguzi anaandika "ameanguka" katika daftari, anashona kidonda, anatoa vidonge vya maumivu, nao wanaondoka. Baada ya miezi miwili mama huyo huyo analetwa tena. Safari hii amevunjika mkono, na ana mimba.

Je, muuguzi yule alikosa nini? Kidonda alikishona vizuri. Lakini alitibu ngozi, na kilicholeta kidonda akakiacha kirudi nyumbani pamoja na mgonjwa. Hata hivyo mimi simlaumu peke yake. Ninasema kwamba hakuwa tayari, na hakuwa tayari kwa sababu hakuna aliyemtayarisha.

Kila muuguzi anajua kuweka tayari vifaa vya kuzalishia kabla mama hajashikwa na uchungu. Hangoji mtoto achomoze ndipo aanze kutafuta mkasi na uzi wa kufungia kitovu. Maoni yangu ni kwamba kumhudumia mwanamke aliyepigwa au aliyebakwa kunataka matayarisho ya namna hiyo hiyo. Huruma ni jambo jema, lakini haitoshi.

Wala jambo hili si la watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke mmoja katika kila watatu duniani amepata kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu katika maisha yake. Hapa Tanzania, utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamepata kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Katika utafiti wa mwaka 2022 walikuwa 27 katika kila 100. Idadi hiyo bado ni kubwa. Muuguzi anayeketi mapokezi kila siku hawezi kusema kwamba wanawake hawa hawapiti mbele yake.

Basi kuwa tayari maana yake ni nini?

Jambo la kwanza ni faragha. Mwanamke hawezi kusema ukweli mbele ya mtu aliyempiga, wala mbele ya benchi la majirani. Panatakiwa chumba chenye mlango, au hata pazia na umbali wa kutosha. Muuguzi mwenye busara hagombani na bwana. Anasema tu, "Baba, tusubiri hapo nje kidogo, tunampima mama." Hiyo ni kawaida ya kazi, na bwana hatashangaa.

Jambo la pili ni maneno. Mkiwa wawili, muuguzi aulize kwa upole: "Shikamoo mama, pole sana. Majeraha ya namna hii mara nyingine tunayaona kwa akina mama waliopigwa. Je, na wewe kuna mtu aliyekuumiza?" Akikubali, amsikilize bila kumkatiza. Amwambie kwamba anamwamini, na kwamba kosa si lake. Asimwulize, "Ulimfanyia nini hata akupige?" Swali hilo humfunga mama mdomo, pengine kwa maisha yake yote. Akikataa, asilazimishwe. Aambiwe kwamba mlango uko wazi siku yoyote.

Jambo la tatu ni jicho la kuona hatari. Maelezo yasiyolingana na kidonda, majeraha mapya juu ya makovu ya zamani, na mgonjwa aliyechelewa kuletwa, yote haya ni dalili. Mwanamke aliyekabwa koo anaweza asiwe na alama shingoni, na bado akawa katika hatari kubwa. Sauti ikikwaruza, akishindwa kumeza, akipumua kwa shida au kama alizimia, asirudishwe nyumbani haraka, kwa sababu hali yake inaweza kubadilika baada ya saa kadhaa. Mwenye mimba aliyepigwa tumboni lazima apimwe yeye na mtoto, hata kama damu haijaonekana.

Jambo la nne ni dawa. Mwanamke aliyebakwa anahitaji dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayotangulia ni faida kwake. Dawa hizo humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufaa ndani ya siku tano, na kadiri vinavyowahi ndivyo vinavyofanya kazi vizuri zaidi. Sasa fikiri, ndugu msomaji: mama ametembea kilomita nyingi, amefika siku ya tatu asubuhi, halafu anaambiwa mwenye ufunguo wa stoo amekwenda mjini. Kwa mama huyo, ufunguo huo ni uhai.

Jambo la tano ni karatasi na njia. Fomu ya Polisi Namba 3, ambayo wengi tunaiita PF3, ni muhimu kwa ushahidi mahakamani. Lakini fomu haizuii damu kutoka. Mtu aliye hatarini atibiwe kwanza, fomu ifuate. Muuguzi aandike kwa makini alichokiona na alichoambiwa: kidonda kiko wapi, kina urefu gani, mgonjwa amesema nini. Daftari lililoandikwa vizuri laweza kumsaidia mama huyo mwaka ujao. Kisha awe na orodha ukutani yenye namba ya simu ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ya afisa ustawi wa jamii, na ya hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono iliyo karibu. Kabla mama hajaondoka aulizwe: "Je, usiku wa leo una mahali pa kulala kwa usalama?"

Kuna tayari nyingine, nayo ni ngumu kuliko zote. Ni tayari ya moyo. Muuguzi ni mtoto wa kijiji kama sisi. Katika ule utafiti wa mwaka 2015-16, zaidi ya nusu ya wanawake walioulizwa walisema kwamba zipo sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe. Muuguzi aliyekua akisikia hivyo anaweza kufunga bandeji huku moyoni anasema, "Alijitakia." Pengine hata yeye mwenyewe hupigwa kwake. Ndiyo maana ninasema wauguzi wafundishwe, tena si mara moja tu, na wapate mahali pa kutua mzigo wao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu kwa kipigo mume au mke wake. Sheria hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 50. Yafaa kila muuguzi aijue, na kila mwanandoa pia.

Wengine watasema, "Wauguzi wana kazi nyingi, zamu ya usiku ana mmoja tu." Ni kweli, na kilio hicho kina haki. Lakini swali la dakika moja leo linaweza kuzuia mkono uliovunjika kesho. Tena orodha ya ukutani na pazia havihitaji bajeti kubwa.

Nasi wananchi tusikae tukitazama. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Jambo hili nalo linataka mjadala wa namna hiyo. Katika mkutano wa kijiji ujao, mwulize mwakilishi wenu katika kamati ya zahanati maswali haya:

1. Je, zahanati yetu ina mahali ambapo mama anaweza kuzungumza na muuguzi bila kusikiwa?

2. Je, dawa za dharura kwa aliyebakwa zipo, na ufunguo wa stoo hukaa kwa nani usiku?

3. Je, muuguzi wetu amepata mafunzo, na anajua wa kumpigia simu?

Majibu yakiwa "hapana", basi kazi ya kwanza ni hiyo. Usiku wowote kanga yenye damu inaweza kufika mlangoni pale, na aliyeifunga anaweza kuwa dada yako au binti yako. Siku hiyo tusiwe tunatafuta mkasi.