Mbele ya filimbi, mumupe sheria

Vijana wenzetu wa Kisangani, Bunia, Butembo, Kalemie, Lubumbashi na pahali pote penye munasoma maneno haya,

Leta ikiandika vijana wapya katika polisi, inawapeleka kwenye kambi ya mafunzo kama Kapalata, kule Kisangani. Wanakimbia, wanaimba, wanajifunza kutembea kwa mustari na kutii wakubwa. Kisha wamoja kati yao wanatumwa ku roulage. Wanapewa filimbi, wanasimamishwa ku njia panda. Tangu ile siku wako na nguvu juu ya kila dereva, kila motari, kila mama mwenye amekaa nyuma ya pikipiki na mizigo yake ya soko.

Ulizo letu ni moja: mbele ya kumupa filimbi, walimusomesha sheria ya barabara? Walimusomesha yote, na kwa luga yenye anasikia?

Sisi tunaangalia barabara, na barabara inajibu: hapana.

SHERIA IKO, LAKINI IMEFICHWA

Watu wamoja wanasema Congo haina sheria ya barabara. Ni uongo. Iko: sheria namba 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 1978, Code de la route. Wakati ule inchi iliitwa Zaire na wengi wetu hatukuzaliwa. Inasema nani anaweza kuendesha, na karatasi gani. Inasema gari ipite upande gani, imupishe nani, iwake taa saa ngapi, ibebe mizigo namna gani. Inasema pia azabu ya mwenye kuvunja.

Sasa fanya jaribio. Uliza motari kumi wa kwenu kama wameshaiona sheria hiyo kwa macho. Kisha uliza polisi mwenye anawasimamisha. Iko kwa Kifaransa, Kifaransa ya waavoka, Kifaransa yenye hata mwenye diplome ya Leta anaisoma mara tatu ndipo asikie kitu.

Lakini Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 iko wazi. Article 1 inasema Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba ni luga za taifa. Article 142 inaagiza serikali itangaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya luga hizo nne, katika siku 60 tangu sheria itiwe sahihi. Hata kama mutu atasema "ile ya barabara ni ya zamani, ilitoka mbele ya Katiba", tunamujibu: njo sababu zaidi! Miaka yote hiyo, nani alikuzuia kuitafsiri?

Na tena article 62 inasema hakuna mutu anaweza kujitetea kwamba hakujua sheria. Basi angalieni mutego wenyewe: unaazibiwa juu ya kitu chenye hawakukuambia, na mwenye anakuazibu naye hawakumwambia. Wawili wote wanasimama barabarani bila kujua. Tofauti ni kwamba mumoja eko na filimbi.

ARTICLE MOJA YENYE KILA POLISI ANAJUA

Mwanafunzi wa polisi mwenye hakupewa Code de la route atajifunza kwa nani? Kwa wale wakubwa wake aliowakuta kazini. Na wale watamufundisha article moja tu, ile yenye Wakongomani wote tunajua kwa kichwa bila kuisoma popote: article 15, jitafutie mwenyewe.

Tusimutupie musigo wote mukubwa huyu mudogo mwenye jua linamuchoma. Mwaka 2022 Raúl Sánchez de la Sierra, Kristof Titeca, Albert Malukisa Nkuku na wenzao walitosha utafiti juu ya roulage ya Kinshasa. Walionyesha kwamba wakubwa wanamupangia polisi wa barabarani hesabu ya madereva wa kuleta ku biro. Kule biro, wengine wanamungojea dereva, wanamukamua. Walihesabu kwamba feza yote yenye kikosi kinaingiza ni mara 5 ya ile yenye inatoka kwenye lamande. Na walionyesha kwamba mupango ule unaharibu kazi yenyewe ya kuongoza magari.

Fikirini hesabu hiyo. Polisi mwenye amepewa idadi ya kuleta hawezi kungojea kosa. Ikifika saa tisa na hesabu haijatimia, atalitafuta kosa hata pahali halipo. Permi iko? Ataomba asiransi. Asiransi iko? Ataomba vinyeti. Yote iko? "Petit, hii ni fotokopi." Na original ikiwa mukononi, basi atasema "uchafu wa gari". Mwisho tunajua sote: madesu ya bana, feza ya sukari, na safari inaendelea.

Kinshasa, tangu 2013, injiniya Thérèse Izay Kirongozi na kundi lake walisimamisha roboti kubwa ku njia panda za kuongoza magari. Dunia nzima ilikuja kupiga picha. Sisi tunaona kitu kingine: inchi yenye vijana wengi bila kazi imefika pahali watu wanafurahia mashini juu mashini haiombi kitu. Hiyo ni haya kwa Leta, na ni tusi kwa polisi mwenye anatumika vizuri, kwa maana wako.

KOSA LENYE KUUA NA KOSA LENYE KULETA MAKUTA

Hapa njo tunafika kwa maisha ya watu. Barabarani kuna makosa ya namna mbili. Kuna kosa lenye kuua: mwendo wa wazimu, pombe, kupita mwenzako kwenye kona, breki zilizokufa, lori la mizigo lenye kubeba abiria juu ya magunia, gari bila taa usiku. Na kuna kosa lenye kuleta makuta: karatasi.

Kosa la karatasi ni jepesi kulikamata. Linakamatwa muchana, kwenye lami, karibu na soko, pahali motari anapita na feza ndogo mufukoni. Kosa lenye kuua linatembea usiku, kwenye mutelemuko, na mara nyingi ni la mutu mwenye anajua kupiga simu kwa mukubwa. Jiulizeni wenyewe: ni saa ngapi munamuona roulage kwenu, na ni saa ngapi watu wanagongwa?

Tarehe 6 mwezi wa 10 mwaka 2018, kule Mbuba, Kongo-Central, lori la mafuta liligongana kwenye barabara ya taifa namba 1, likawaka moto. Watu kama 50 walikufa. Hatutumii wafu kwa kushitaki mutu bila hukumu. Tunasema tu kwamba lori za namna ile zinapita kila siku mbele ya vizuizi vyetu. Mwanafunzi wa polisi anapashwa kujua kuangalia matairi, breki, mizigo na hali ya dereva mbele ya kunyoosha mukono wa kuomba karatasi.

Na huku mashariki kuna jambo lingine. Sisi tunaendesha upande wa kuume, lakini gari nyingi zenye zinapitia Dar es Salaam na Mombasa ziko na usukani kuume, juu Tanzania, Kenya na Uganda wanaendesha upande wa kushoto. Dereva wa gari kama ile, akitaka kupita lori, anapashwa kutosha gari karibu yote ndipo aone nani anakuja. Walimu wa polisi wanafundisha hatari hiyo? Ao inajulikana tu kama sababu ingine ya kusimamisha gari?

SOMO LA KWANZA NI MIPAKA

Tungekuwa walimu wa kambi, somo la kwanza halingekuwa "namna ya kusimamisha gari". Lingekuwa hili, kwa Kiswahili kinachosikilika:

Moja. Polisi hatungi kosa. Article 17 ya Katiba inasema hakuna mutu anafuatiliwa, anakamatwa ao kuazibiwa isipokuwa kwa nguvu ya sheria. Kosa lisiloandikwa si kosa, hata kama mukubwa amekasirika.

Mbili. Kosa ni la mwenye kulifanya. Ile ile article 17 inasema hakuna mutu anafuatiliwa juu ya tendo la mwingine. Basi motari mumoja akigonga mutu na kukimbia, kukamata pikipiki zote za parking yake ni kuvunja Katiba.

Tatu. Ukimukamata mutu, article 18 inakulazimisha kumwambia palepale sababu, kwa luga yenye anasikia. Kumufunga ku biro hakuwezi kupita masaa 48 bila kumupeleka mbele ya wakubwa wa sheria ao kumuachilia.

Ine. Lamande ni feza ya Leta. Inaandikwa kwenye PV, inalipwa, mulipaji anabaki na resu. Kudai feza yenye unajua haidaiwi, Code pénal yetu inaita concussion, article 146, na ni kosa lenye kupeleka mutu gerezani. Hapo polisi njo anakuwa muvunja sheria.

Masaa mawili yanatosha kwa kufundisha mambo haya mane. Kama hayafundishwi, ni juu kuna wenye wanakula kwa sababu hayafundishwi.

MAJIBU KWA WENYE KUTUPINGA

Wamoja wanasema: "Polisi mushahara wake ni mudogo, mumuachie ajitafutie." Tunajua mushahara ni mudogo na unachelewa. Tunamutetea kwa hilo, na tutaendelea kumutetea. Lakini motari naye mushahara wake ni nini? Anamupelekea mwenye pikipiki versement kila jioni, ananunua esanse, anakula chenye kinabaki. Ukimuruhusu masikini wa uniforme amukamue masikini wa kofia, Leta inakaa kimya na kuchekelea: imepata polisi wa bure, wenye tunalipa sisi mara mbili.

Wengine wanasema: "Vijana wenyewe njo wakosefu." Tunalijibu hili bila kuficha. Motari wenzetu, kubeba abiria watatu, kupita upande wa mwenzako, kuendesha bila kofia na bila permi, hayo ni makosa na yanaua. Movement hii haitamutetea mutu mwenye anaendesha amelewa. Ukikosa, lipa. Lakini lipa Leta, na resu mukononi. Ukimutupia polisi noti ndogo ili asiandike PV, umenunua ruhusa ya kuua kesho.

KWENU MWENYE MUKO KAMBINI LEO

Ndugu zetu wa kambi, tulisoma pamoja, tulicheza mupira pamoja. Siku mutapewa filimbi, kutakuja mukubwa kuwaambia "mulete magari kadhaa mbele ya jioni". Mujue kwamba article 28 ya Katiba inasema hakuna mutu analazimishwa kutimiza agizo lenye kuonekana wazi kwamba linavunja sheria. Na article 183 inasema polisi ni ya taifa, na hakuna mutu anaweza kuigeuza kwa faida yake. Tunajua kukataa peke yako ni nguvu. Lakini wakikataa kumi, mukubwa ataogopa. Na wakikataa, sisi tutakuwa nje tunapaza sauti pamoja nao.

YENYE TUNAOMBA

1. Code de la route yote itafsiriwe kwa luga ine za taifa, kila mwanafunzi wa polisi apewe kitabu chake, na raia wakipate bila kulipa.

2. Mutu yeyote asitumwe ku roulage bila kupita mutihani wa sheria ya barabara, wa maandishi na wa barabarani.

3. Orodha ya makosa na lamande zake ibandikwe ku kila biro ya roulage na ku kila parking ya motari. Lamande ilipwe ku banki ao kwa simu, isipite mukononi.

4. Kila polisi wa roulage avae jina na namba vyenye kusomeka.

5. Hesabu za kila siku zikomeshwe, na wakubwa wenye kuzipanga wafikishwe mbele ya sheria. Mushahara ulipwe kwa wakati.

Tukingojea Leta, sisi tunaanza. Andika hizi article 17, 18, 28 na 62 kwenye karatasi ndogo, uweke pamoja na permi yako. Ukisimamishwa, simama, zima pikipiki, salimia, onyesha karatasi. Kisha uliza kwa upole: "Afande, ni kosa gani? Ni article gani? Naomba PV." Bila matusi, bila kusukumana, bila kukimbia. Wenzako wa parking wafanye vilevile. Siku ya kwanza watakucheka. Siku ya kumi watatafuta kitabu.

Barabara ni ya sisi wote, hata wale wenye kuvaa uniforme. Mumupe sheria kwanza, filimbi itafuata.

Sisi vijana raia, bila silaha, bila chama, bila woga.